Joho la Luzira

Kila mwaka, mvua za Oktoba zikianza kuichimba barabara ya Port Bell, Manjit Kaur huweka kando sare za shule na kuanza kushona joho. Wazazi wanaosubiri sketi za binti zao hulalamika, naye huwaambia sketi hazina miguu, hazitakimbia. Hakuna mzazi wa Luzira aliyewahi kumshinda kwa maneno. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na mkononi ana bangili ya chuma inayogonga meza ya cherehani kila anapogeuza kitambaa. Ukiisikia inagonga mbiombio, jua mwenyewe amekasirika, rudi kesho.

Joho lenyewe ukilipeleka sokoni watakucheka. Limeungwa kwa mabaki ya sare za mwaka mzima, buluu ya shule hii, kijani ya shule ile, damu ya mzee ya wale wa ng'ambo ya reli. Kwenye pindo huachiwa vitanzi, na kwenye vitanzi hufungwa vishada ambavyo watoto huviita mikia. Kila mtoto huleta kipande cha nguo kuukuu ya mtu anayempenda, akakisuka kwa mkono wake mwenyewe. Huyu analeta kanga ya bibi, yule soksi ya kaka aliyekwenda bweni. Mwaka mmoja mvulana aitwaye Bonny alileta kamba ya mbwa wao, na Manjit aliipokea bila kucheka, maana mapenzi hayachagui.

Joho hilo ni la sikukuu. Wahindu wanapowasha taa za Diwali, Masingasinga nao siku hiyohiyo huwasha zao, ila wana sababu yao: ni siku wanayokumbuka kutoka kifungoni kwa Guru wao wa sita, mwalimu wa imani yao. Manjit alizaliwa hapahapa Kampala, binti wa seremala wa mabehewa ya reli. Alifukuzwa nchini pamoja na Waasia wote akiwa msichana mdogo, akakulia kwenye baridi ya Uingereza, kisha akarudi na mumewe miaka ya tisini. Mumewe ameshatangulia mbele ya haki. Mwanawe, Harpal, yuko Kanada, na kila akipiga simu humwomba mama ahamie huko. Mama humjibu kwamba bado ana sare za kumalizia.

Sare ni kisingizio. Kinachomfunga Luzira ni watoto wanaojaa uani kwake kila Jumamosi, watoto wa askari jela, wa polisi, wa wachuuzi wa bandarini. Humo mna Waislamu, Wakatoliki na walokole, ila Singasinga hata wa dawa hayumo. Wazazi wengine mwanzoni walinong'ona kwamba mama huyu anataka kuwabadili watoto dini. Alipowasikia aliwajibu papo hapo, pini zikiwa mdomoni: "Mimi sitaki mutoto wenu awe Kalasinga. Nataka ajue kutoka mulangoni bila kuacha mwenzake nyuma. Hiyo iko dini gani?" Watoto wakaendelea kuja.

Jumamosi moja alikuwa akiwasimulia hadithi kwa mara ya kwanza mwaka huo. Watoto wameketi mkekani, kila mmoja anasuka mkia wake, na Hajati Kulusum, jirani na shoga yake, Mnubi mwenye ulimi mwepesi kuliko mkono, anafuma kikapu kibarazani akijifanya hasikilizi.

"Basi mufalume mukubwa wa Delhi akamufunga Guru wetu ndani ya ngome," alisema Manjit. "Ndani alikuta watoto wa wafalume wengine, hamsini na mbili. Nguo zimechakaa, wamekonda, hakuna mutu anawakumbuka. Siku moja mufalume akasema, haya, Guru, toka uende. Unajua yeye alisema nini?"

"Sitoki peke yangu!" watoto waliitikia, wale waliokuwa wameisikia miaka iliyopita.

"Sitoki peke yangu. Mufalume akafikiria, akajiona mujanja. Akasema, sawa, wale wenye wataweza kushika nguo yako, toka nao. Alijua mulango ni mwembamba, na nguo ya mutu moja itashikwa na watu wangapi? Wawili, watatu? Basi Guru akaagiza joho. Joho yenye mikia hamsini na mbili."

Hapo watoto walipiga makofi. Wote wanaupenda ujanja huo wa fundi kumshinda mfalme, na Manjit, fundi mwenyewe, anaupenda kuliko wao.

Kisha wakagawana kazi. Hakuna anayeigiza Guru. Mila ya Masingasinga haikubali mtu kujivika nafsi ya Guru. Joho hutundikwa tupu kwenye mti mrefu kama wa bendera, Manjit akaubeba mwenyewe mbele, na watoto wakashika mikia nyuma, mkono mmoja mkia, mkono mwingine kitaa cha udongo. Wanatoka kwa geti dogo la uani hadi barabarani, wakizunguka mtaa. Na kuna sharti moja: mtoto mmoja mkia mmoja, na ukiwapo mkia unaoning'inia bila mkono, joho haliendi popote. Nafasi ya kugombaniwa ni moja tu, ya mlinzi wa geti, na mwaka huo aliipata Docus. Docus ni binti wa askari jela, ana sauti ya kuamuru aliyozaliwa nayo, na alikuja na mkanda wa zamani wa babake, umemzunguka kiuno mara mbili.

"Jajja," Docus aliuliza, kwani watoto humwita bibi kwa Kiganda, "na hao watoto wa wafalume, kwa nini waliwafunga?"

"Walikosana na mufalume tu. Hawakuwa wamefanya kitu."

"Baba yangu anasema huko ndani kila mutu anasema hakufanya kitu."

Watoto wakaangua kicheko. Hata Hajati alicheka kibarazani. Kicheko kilipopoa, sauti ndogo ilitoka pembeni ya mkeka. Alikuwa Abwola, binti wa mama Mwacholi anayeuza odi sokoni, ile siagi nzito ya karanga na ufuta. Huyu huwa hasemi mpaka aulizwe. Alikuwa akisuka kipande cha shati la kiume la drafti, buluu na nyeupe.

"Na kama moja wao alifanya kweli?" aliuliza. "Walimuacha ndani?"

Manjit alikuwa anavuta uzi kwa meno. Alijibu kama alivyokuwa akijibu miaka yote, bila kunyanyua macho. "Hao hawakufanya kitu kibaya, mama. Ndiyo maana walitoka."

Abwola aliutazama mkia wake. Kisha akauweka chini taratibu, akasema anaitwa nyumbani, akaenda. Hakuna aliyekuwa amemwita.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mkia wa drafti ulikuwa bado kwenye kikapu cha Manjit, umesukwa nusu. Aliwauliza watoto, wakapandisha mabega. Akamuuliza Hajati.

"Mama Harpal, wewe macho yako iko kwa sindano tu," Hajati alisema. "Huyo mutoto, baba yake si iko ndani?"

"Ndani wapi?"

Hajati akanyoosha kidevu kuelekea juu, upande wa gereza. Luzira mtu akisema ndani haulizwi mara mbili.

"Mama yake, Adyero, anaambia watu bwana yake iko Juba anafanya kazi. Lakini siku ya kuona wafungwa mimi namuona anapita hapa na kikapu yake, kichwa chini. Juba gani ya kwenda kwa miguu?"

Manjit alikaa chini kwenye ngazi. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alikuwa amejikwaa ulimi mbele ya mtoto mdogo, kwenye hadithi anayoipenda kuliko zote. Aliyapima upya maneno yake mwenyewe: hawakufanya kitu, ndiyo maana walitoka. Kwa hiyo aliyefanya abaki humo. Ndivyo mtoto alivyosikia, na alikuwa amesikia sawasawa. Machozi yalimlenga, akasingizia vitunguu, ingawa hakukuwa na kitunguu karibu.

Jioni ile alikwenda hadi chumba cha Adyero, nyuma ya soko. Adyero alimkaribisha kwa heshima, akampa kigoda, akaendelea kukoroga sufuria yake. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, aliyezoea kuweka siri zake mahali pasipofikiwa na majirani. Abwola hakuonekana, alikuwa ametumwa maji.

Manjit aliomba radhi. Kisha akaharibu. Alisema kwamba mahakama nazo hukosea, kwamba huenda Onen, baba wa mtoto, amesingiziwa, kwamba angemwambia mtoto hivyo ili roho yake itulie.

Mwiko wa Adyero ulisimama. "Mama, usimudanganye mutoto wangu. Onen alikuwa mulinzi wa ghala, akafungulia wezi mulango, na mwenzake akaumizwa. Alifanya. Alisimama mbele ya jaji akasema, ni mimi. Hiyo ndiyo kitu moja muzuri alifanya, na wewe unataka kumunyang'anya?"

Mwiko ukaanza tena kuzunguka, polepole.

"Ameniuliza hata mimi," Adyero aliongeza, sauti imeshuka. "Ameuliza kama baba ni ule wa kuachwa. Mimi nimeshindwa kumujibu. Wewe ndiye umeleta hiyo hadithi, Mama. Umujibu wewe, na umuambie ukweli."

Sikukuu ilikuwa imebakiza siku chache, na Manjit alikuwa na joho lililokamilika na jibu ambalo hakulijua. Alimweleza Hajati, Hajati akamshauri aache kujisumbua, mtoto atasahau. Lakini Manjit alijua watoto hawasahau. Yeye mwenyewe alikuwa bado anakumbuka rangi ya kiatu cha yule askari aliyeketi juu ya sanduku la mama yake mwaka wa kufukuzwa. Usiku alishona sketi mbili za wateja na kuzifumua zote mbili, maana mishono ilikwenda upogo.

Jumapili alikwenda gurdwara, hekalu la Masingasinga mjini, kama kawaida, kuhudumu jikoni. Huko chakula hakiuzwi. Yeyote anayeingia, wa dini yoyote, hufunika kichwa, huvua viatu, huketi chini kwenye mstari mmoja na wengine, akapakuliwa. Mwenye gari kubwa hukaa goti kwa goti na mwendesha boda. Manjit alikuwa anapita na ndoo ya dengu, anainama, anapakua, anasonga. Alipofika kwa mzee mmoja mwenye suruali iliyochanika, aliinama kama kwa wengine, na hapo upawa ukabaki hewani.

Alimkumbuka baba yake. Alikuwa bado mtoto, kabla ya kufukuzwa, na mtu mmoja wa karakana alikuwa ameiba randa za baba, randa zote za seremala, mkate wa nyumba nzima. Jumapili iliyofuata mwizi yuleyule aliingia gurdwara, akaketi kwenye mstari. Watu wakamtazama baba. Baba akaenda na ndoo yake, akampakulia upawa uliojaa, sawa na wa wengine, akamwambia kwa sauti ya kawaida: "Humu ndani ni dengu. Randa zangu tutazungumza nje." Na nje walizungumza kweli, kelele zikafika barabarani, mpaka randa zikarudi.

"Mama, dengu," alisema yule mzee, sahani mkononi. Manjit akampakulia, akaongeza na juu yake, kisha akaenda nyuma ya jiko akalia vizuri, safari hii vitunguu vikiwapo.

Kesho yake alimkuta Abwola kwenye meza ya mama yake sokoni, anapepeta karanga, anapuliza maganda mekundu yanaruka. Adyero alimwona Manjit, akasogea pembeni kuhudumia mteja ambaye hakuwa na haraka yoyote.

"Abwola, uliniuliza swali, mimi nikajibu swali ingine," Manjit alisema. "Nisamehe."

Mtoto alipuliza karanga.

"Kwa hadithi, wote walitoka. Kama kati yao kulikuwa na mwenye makosa, mimi sijui. Hadithi haisemi, na mimi siwezi kuongeza yangu. Lakini ngoja nikuambie kitu najua." Akamsimulia habari za randa.

Abwola aliacha kupuliza. "Huyo mwizi alikula?"

"Alikula. Akaomba tena."

"Na walimupa tena?"

"Walimupa. Na randa alirudisha. Vyote viwili."

Mtoto akafikiri, paji la uso limekunjana kama la mtu mzima. "Jajja, hiyo joho inaweza kumutoa baba?"

Hapa ndipo Manjit alipotamani kusema uongo mmoja tu, mdogo, mtamu. Akamtazama Adyero mgongoni. "Hapana, mama. Geti ya huko iko na funguo yake. Baba yako atamaliza siku zake."

"Sasa mukia ni ya nini?"

"Ni ya sisi wa huku nje kushika. Ili siku anatoka, akute bado iko mahali pake."

Abwola alirudi kupuliza karanga. Manjit aliweka ule mkia wa drafti uliosukwa nusu mezani, katikati ya karanga, akaenda zake bila kugeuka. Njiani bangili yake ilikuwa kimya kabisa.

Siku ya sikukuu, mvua ilinyesha mchana ikakoma, na jioni ua ulinukia udongo na samli. Hajati alikuwa amekuja na sinia la mandazi, akidai kwamba Muislamu hawezi kuacha jirani yake asherehekee na halua peke yake. Vitaa vya udongo vilipangwa ukutani. Watoto walifunga mikia yao wakisukumana, kanga, soksi, kamba ya mbwa kwa mara nyingine. Docus alisimama getini na mkanda wake, fimbo mkononi, akimkagua kila mtu.

Manjit alichelewesha. Alipunguza utambi wa taa hii, akainyoosha ile. Alisema kuna upepo, na upepo haukuwapo.

"Mama Harpal," Hajati alisema polepole, "watoto wanachoka."

Basi akatundika joho kwenye mti, akauinua. Ndipo Abwola akaingia getini, ameshika mikono yote miwili kifuani. Nyuma yake alikuwa Adyero, ambaye hajawahi kukanyaga ua ule, akabaki amesimama nje ya geti.

Mtoto alikwenda moja kwa moja hadi kwenye joho. Akafunga mkia mmoja, wa kitenge cha mama yake. Kisha akafunga wa pili pembeni yake, wa drafti, buluu na nyeupe, umesukwa mpaka mwisho. Akashika ule wa kitenge, akapokea kitaa chake kwa mkono wa pili. Ule wa drafti ukabaki unaning'inia.

"Huo ni ya nani?" Bonny aliuliza. "Una mikono miwili tu."

"Ni ya baba yangu," alisema Abwola. Sauti yake ilisikika mpaka nje ya geti. "Haiko Juba. Iko ndani, huko juu. Alifanya makosa kweli."

Manjit alishika mti kwa mikono miwili. Angeuachia, joho lingeanguka. Sharti alilitunga mwenyewe, na watoto wote walilijua: mkia usioshikwa, joho haliendi. Alimwangalia Hajati, na Hajati akaweka chini sinia la mandazi.

Getini kulisikika kitu kinaanguka. Ilikuwa fimbo. Docus alifungua mkanda wa babake, akauviringisha na kuuweka chini karibu na nguzo, akaja kati ya wenzake na kuushika mkia wa drafti.

"Baba yangu analinda baba yako," alimwambia Abwola. "Mimi nitashika hii."

"Mupaka lini?" Abwola aliuliza.

"Mupaka atoke."

"Sasa nani analinda geti?" Bonny alilalamika, maana alipenda mchezo uende kwa kanuni.

Manjit akatangulia na mti wake. Haoni vizuri, miwani imeingia ukungu, Hajati amemshika kiwiko asijikwae. Joho la sare likapita geti lililo wazi, na nyuma yake watoto na vitaa vyao, mkia baada ya mkia. Adyero alisogea ukutani kuwapisha. Docus alipomfikia, Adyero aliinama, akamrekebishia vidole kwenye kile kipande cha shati la mumewe.

"Shika vizuri, mama," alimwambia.